Somo la Debe Tupu

Kaije, kidato cha sita, dawati la mwisho,
aliuliza pale umeme ulipokatika Wete nzima
na feni ikakata pumzi juu ya vichwa vyetu:
"Mwalimu, kama mle ndani hamna kitu,
hewa imetolewa, mwanga umefungiwa nje,
nani anayeisikia elektroni ikipita?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.
Lete lile debe la mlangoni, nikamwambia,
mwaga maji, ligonge.
Likavuma.
Wahenga walikuwa wakiwasema wapiga domo,
lakini leo tulichukue neno lao kama lilivyo:
debe tupu haliachi kuvuma.
Toa hewa, toa vumbi, toa joto,
toa hata mwanga wa mwisho uliojibanza pembeni,
kinachobaki hakikubali kukaa kimya.
Wastani wake sifuri.
Fadhaa yake si sifuri.

Sasa elektroni. Moja tu, si mbili.
Ina njia ya kulia na njia ya kushoto,
na isipoulizwa hupita zote.
Zikitua moja moja, elfu kwa elfu,
pale njia zinapokutana
husuka ukili wa rangi mbili,
mstari wa nuru, mstari wa kiza, wa nuru, wa kiza.

Nikatoa mkobani sinia la marehemu baba.
Faki Asaa, mtia bati,
aliyeng'arisha sufuria za harusi kutoka Gando hadi Konde,
hili lake mwenyewe aliliacha shaba tupu.
Nililisugua jana kwa ndimu na majivu.
Jitazame, Kaije. Sogea.
Umeona? Wa ndani naye kasogea.

Ndivyo shaba inavyoifanyia elektroni:
huiumbia pacha upande wa pili, mwenye chaji ya kinyume,
na ule mvumo wa utupu, ukifika hapa,
hushikishwa adabu ya wenyeji:
mawimbi yanayolala juu ya shaba hunyamaza,
yanayosimama wima hupaza sauti.

Njia mbili zikienda kimo kimoja, sambamba na shaba,
pacha humeza maneno. Siri hukaa.
Ukili hutoka na rangi zake,
pengine safi kuliko ungesukwa mbali.
Lakini njia moja ikiinama, nyingine ikabaki juu,
shaba hutangaza mara mbili,
na ukili hufifia,
kijivu,
kijivu mpaka ncha.

Ni jambo dogo, sitawadanganya,
hakuna mizani soko zima la Wete ya kulipima.
Na hakuna aliyeigusa, wala aliyeitazama.
Tunasema ukuta una masikio, tunapunguza sauti.
Hatukuwahi kusema utupu ndio wenye masikio
na ukuta unayageuza tu, huku au kule.

Yaliyobaki sikuwaambia.
Kwamba mimi na Shaame tumetoka tumbo moja,
tukagawana nyumba ya baba kwa ukuta mmoja wa matofali,
mimi nikausogelea kusikiliza,
yeye akahamishia kitanda chumba cha mbali.
Hatukugombana. Wallahi hakuna neno lililotupwa.
Sikukuu tunakutana, tunapeana mkono,
na pale palipostahili mistari,
kicheko, kimya, kicheko
cha watoto wawili chini ya meza ya bati,
pana kijivu.

Umeme ukarudi saa saba na robo.
Feni ikatikisa kichwa, ikaanza upya.
Kaije aliandika, akafuta, akanyoosha mkono tena:
"Na sinia likitiwa bati, Mwalimu?
Utupu utasema vilevile?"

Nikalipindua sinia, nikatazama mgongo wake,
alama za nyundo, moja moja, hazilingani.
Sijui, nikasema.
Nitamwuliza kaka yangu.
Yeye ndiye aliyerithi mivukuto na bati.